UZI: Koloni la Cape 1806–1828, sheria za mahakama, biashara na ardhi zilivyopangwa zikapangika

Mchimba Nyaraka

Wakuu, salaam.

Kwenye ule uzi wa migogoro ya ardhi kuna mdau aliandika kwamba Waingereza walipoichukua Cape walileta utawala wa sheria, na kwamba ubaya wote wa Afrika Kusini ulianza 1913 na sheria ya ardhi, ukakomaa 1948 ulipoingia utawala wa apartheid. Nilimwambia nitamjibu kwa uzi wake mwenyewe, maana jambo hili si la kujibiwa kwa mistari miwili. Nimelisoma kwa muda mrefu na linaniuma.

Hoja yangu naiweka mezani mapema ili anayetaka kupinga ajue anapinga nini. Miaka mia moja kabla ya 1913 kazi kubwa ilikwisha kufanyika, na ilifanywa kwa kalamu. Kuna matangazo mawili ya magavana, la tarehe 1 Novemba 1809 na la 6 Agosti 1813. La kwanza lilimtaka Mkhoikhoi, yaani mtu wa jamii ya wafugaji wenyeji wa Cape, awe na karatasi ndipo atembee. La pili lilimpa mlowezi karatasi ili ardhi iwe yake na ya wajukuu zake. Mahakama za kuzunguka, masharti ya biashara mpakani, hata ile Ordinansi ya 50 ya mwaka 1828, sheria iliyofuta pasi na inayosifiwa kila kitabu, vyote vilikuja kukaa katikati ya karatasi hizo mbili.

Kidogo kuhusu mazingira. Kampuni ya Uholanzi ya India Mashariki ilianzisha kituo chake Table Bay mwaka 1652. Waingereza waliiteka Cape mara ya kwanza 1795, wakairudisha kwa Waholanzi 1803, wakaiteka tena Januari 1806 baada ya mapigano ya Blaauwberg. Safari hii hawakutoka, na mkataba wa 1814 na Uholanzi ukakamilisha makabidhiano. Sheria za Kirumi na Kiholanzi walizozikuta waliziacha ziendelee. Lakini juu yake alikaa gavana ambaye hakuwa na bunge, wala baraza la kumzuia. Alichokitia sahihi na kukitangaza kilikuwa sheria. Rufaa za mahakama nazo zilipanda hadi kwake. Baraza la kumshauri lilikuja 1825, na kuanzia hapo matangazo yakaanza kuitwa ordinansi.

Sasa shika mwaka 1807. Bunge la Uingereza linapiga marufuku biashara ya watumwa. Utumwa wenyewe haukuguswa, aliyekuwa mtumwa Cape alibaki mtumwa, ila meli kutoka Msumbiji na Madagascar hazikuruhusiwa tena kushusha watu wa kuuzwa. Wenye mashamba ya ngano na mizabibu wakaanza kulia kwamba hawana watu wa kazi. Macho yakageukia kwa Wakhoikhoi. Hawa kisheria walikuwa watu huru, hawakuwahi kuwa mali ya mtu. Lakini malisho yao yalikwisha kuliwa kwa karne moja na nusu, na ndui ya 1713 ilikuwa imewapukutisha. Walikuwa huru bila mahali pa kusimamia.

Hapo ndipo Gavana Caledon akatoa tangazo la 1809. Naendelea, msikae mbali.

Binti Pangani

Tupo mkuu, shusha. Mimi historia ya Cape naijua kuanzia Mandela kurudi nyuma kidogo tu, huku sijawahi kufika.

Mchimba Nyaraka

Karibu dada.

Tangazo la 1809 lilisema kila Mkhoikhoi awe na makazi maalumu yaliyoandikishwa kwa landrosti. Landrosti alikuwa kama mkuu wa wilaya na hakimu kwa pamoja, akikaa na wazee wa baraza waliochaguliwa miongoni mwa walowezi. Huwezi kuhama wilaya bila cheti chake. Ukitoka shamba unalofanyia kazi, hata kwenda kumwona ndugu, uwe na pasi ya bwana wako au ya ofisa. Na mtu yeyote ambaye Mkhoikhoi anafika kwake alitakiwa kumwuliza pasi, asipokuwa nayo amfikishe kwa ofisa. Asiye na pasi alihesabiwa mzururaji.

Sasa tazameni upande wa pili wa tangazo hilohilo, maana wengi huunukuu upande mmoja tu. Mkataba wa kazi unaozidi mwezi mmoja lazima uandikwe, mbele ya ofisa, nakala tatu: moja ya bwana, moja ya mfanyakazi, moja inabaki ofisini. Mshahara ulipwe kama ulivyoandikwa. Bwana haruhusiwi kumzuia mtu muda wake ukiisha, wala kumshikilia mke na watoto wake kwa kisingizio cha deni. Mfanyakazi akidhulumiwa anaweza kwenda kulalamika. Ukisoma kipande hicho peke yake utasema Caledon alikuwa mtetezi wao.

Lakini jiulizeni, makazi maalumu wapi? Ardhi hana. Kulikuwa na misheni chache, kama Genadendal ya Wamoravian na Bethelsdorp ya Jumuiya ya Kimisionari ya London karibu na Algoa Bay, nazo zilikuwa zimejaa na ardhi yake ni kame. Nje ya hapo makazi pekee aliyoweza kuyaandikisha yalikuwa shamba la mlowezi. Kwa hiyo sheria ilimlinda ndani ya mkataba na papo hapo ikahakikisha hana njia ya kuishi nje ya mkataba. Na malalamiko yake yakionekana hayana msingi, yeye ndiye anaadhibiwa. Anayeamua kama yana msingi ni nani? Landrosti, na wazee walowezi pembeni yake.

Aprili 1812 Gavana Cradock akaongeza jingine. Mtoto wa Mkhoikhoi aliyelelewa shambani kwa mlowezi hadi kufikisha miaka 8 angeweza kuandikishwa kuwa mwanagenzi wa mlowezi huyo kwa miaka 10.

Binti Pangani

Subiri hapo. Miaka 8 plus 10 ni 18. Na mzazi wake anakuwa wapi muda wote huo?

Mchimba Nyaraka

Ndilo swali lenyewe dada yangu. Mzazi ana mkataba wa mwaka mmoja. Unaisha, kisheria yuko huru kuondoka. Lakini mwanae wa miaka 9 amefungwa hapo mpaka awe kijana wa miaka 18, na hoja ya sheria ni kwamba mlowezi alimlisha alipokuwa mdogo kwa hiyo sasa mtoto amlipe kwa kazi. Huyo mama au baba ataondoka kwenda wapi? Anarudi kwa landrosti kutia alama kwenye mkataba mwingine, mwaka baada ya mwaka. Familia nzima inabaki shambani na hakuna aliyeitwa mtumwa.

Msomaji wa haraka huona neno uanagenzi akadhani mtoto alikuwa akifundishwa useremala. Wengi walichunga kondoo na kubeba kuni.

Mzani wa Haki

Mkuu nakufuatilia vizuri, ila naona unaegemea upande mmoja. Mimi nimesoma sheria. Mwaka 1811 zilianzishwa mahakama za kuzunguka, majaji wakitoka Cape Town kwenda wilaya za mbali, na Mkhoikhoi akaruhusiwa kumshtaki bwana wake. Hebu taja koloni jingine la wakati huo ambalo mtumishi angeweza kumsimamisha bwana wake kizimbani. Hilo si jambo dogo.

Mchimba Nyaraka

Si jambo dogo hata kidogo, na nakushukuru umelileta, maana nilitaka kulifikia.

Kabla ya 1811 mwenye kesi nzito alitakiwa aifuate Cape Town. Kutoka Graaff-Reinet au Uitenhage hiyo ni safari ya majuma kwa gari la ng'ombe. Kwa mtu asiyeruhusiwa kutembea bila pasi ya yuleyule anayemlalamikia, ilikuwa sawa na kuambiwa hakuna mahakama. Mahakama ya kuzunguka ilisogeza kiti cha jaji hadi wilayani.

Mzunguko wa 1812 ndio uliotikisa koloni. Wamisionari James Read na Johannes van der Kemp wa Bethelsdorp walikuwa wamekusanya malalamiko ya Wakhoikhoi kuhusu mauaji, vipigo, watu kuzuiliwa na mishahara kutolipwa, wakayapeleka London, na London ikaagiza yachunguzwe. Van der Kemp alifariki Desemba 1811, kabla hajaona matokeo. Walowezi wakaitwa kizimbani kwa makumi, wengine wazee wenye heshima kanisani. Mashtaka mengi ya mauaji yalianguka kwa kukosa ushahidi. Hilo halinishangazi: mengine yalikuwa ya miaka mingi nyuma, na mashahidi walikuwa watu wanaokula na kulala kwa washtakiwa. Waliotiwa hatiani walikuwa wachache, hasa kwa vipigo na kuwazuia watu isivyo halali. Walowezi wakaubatiza Mzunguko Mweusi na chuki ikarithiwa vizazi.

Ona walichokichukia. Walikasirishwa na kuitwa tu, zaidi ya hukumu zenyewe. Hapo nakubaliana nawe Mzani kwamba mahakama ile ilikuwa na nguvu ya kweli, la sivyo isingewauma kiasi kile.

Mzani wa Haki

Na Slachter's Nek je? Huwezi kuzungumzia mahakama za Cape ukaruka ile.

Mchimba Nyaraka

Siiruki. Hii nitaieleza taratibu.

Mlowezi Freek Bezuidenhout, wa bonde la Mto Baviaans mpakani, alishtakiwa na mfanyakazi wake Mkhoikhoi aliyeitwa Booy, kwa kumnyanyasa na kumzuia pamoja na ujira wake. Freek aliitwa na landrosti mara kadhaa, hakwenda. Mahakama ya kuzunguka ikamwita, hakwenda. Ikampa kifungo cha mwezi mmoja kwa kuidharau. Mwezi mmoja! Angekwenda angekuwa amerudi shambani kwake kabla ya mavuno.

Tarehe 10 Oktoba 1815 kikosi kikatumwa kumkamata, na askari wake walikuwa Wakhoikhoi wa kikosi cha Cape chini ya maofisa wazungu. Freek akajificha kwenye pango akiwa na bunduki, akakataa kutoka, akapigwa risasi akafa. Ndugu yake Johannes akaapa kulipiza. Akakusanya majirani, akatuma ujumbe kwa Ngqika, mmoja wa wakuu wa Waxhosa, Waafrika wa ng'ambo ya mpaka wa mashariki, kuomba washirikiane kuwafukuza Waingereza. Ngqika hakujiingiza. Novemba waasi wengi wakajisalimisha, Johannes akafa akipambana. Tarehe 9 Machi 1816 watano wakanyongwa hadharani. Kamba zikakatika kwa wanne kati yao, wakaanguka chini wakiwa hai. Watu wakapiga kelele za kuomba wasamehewe. Ofisa aliyesimamia hakuwa na mamlaka ya kusamehe. Zikatafutwa kamba nyingine, wakanyongwa tena.

Baadaye kabisa wanasiasa wa Kiafrikana waliigeuza habari hii kuwa hadithi ya mashujaa wao. Jina la Booy likafutika. Mimi kila nikisoma habari hii namfikiria yeye, mtu aliyedai ujira wake na akaendelea kudai, na nchi nzima ikawaka.

Jiwe la Mpaka

Wakuu naomba kuingia. Mimi ni mpima ardhi kwa kazi. Mleta uzi ametaja tangazo la 1813 halafu kapita. Hilo ndilo ninalolisubiri. Kabla yake mashamba yalikuwa yanapimwaje?

Mchimba Nyaraka

Mkuu wewe utalielewa kuliko sisi sote.

Enzi ya Kampuni ya Kiholanzi mlowezi alipewa shamba la kuazima. Alilipa riksdala 24 (sarafu ya Cape wakati huo) kwa mwaka. Kipimo chake kilikuwa hivi: unachagua kitovu, kwa kawaida penye chemchemi, unaweka alama. Kisha mtu anapanda farasi na kwenda kwa mwendo wa kutembea nusu saa kila upande. Alikofika ndiyo mpaka. Hicho kilitoa duara la kama ekari 6,000, zaidi kama farasi ni mwepesi. Ramani haipo. Kati ya duara moja na jingine panabaki vipande visivyo na mwenyewe, na kila jirani anavitumia. Kisheria mlowezi alimiliki nyumba, zizi na miti aliyopanda. Ardhi ilibaki ya serikali na ingeweza kuchukuliwa. Kwa vitendo haikuchukuliwa, na watu waliuziana "nyumba na zizi" kwa bei ambayo kila mtu alijua ni bei ya shamba.

Cradock akaja 1813 na kusema mwenye shamba la kuazima aombe libadilishwe kuwa umiliki wa kudumu wa kulipia kodi ya kila mwaka, kitu kinachofanana na kodi yetu ya pango la ardhi. Kodi itategemea ubora wa ardhi, isizidi riksdala 250. Mpima aliyeapishwa apime na kuchora ramani, mmiliki aandikishwe, na tangu hapo anaweza kurithisha, kuuza na kugawa. Serikali ikajibakizia dhahabu, fedha, vito na haki ya kupitisha barabara.

Nia yake alieleza wazi: mlowezi mwenye uhakika wa ardhi atapanda na kujenga, na hazina itapata mapato. Kwa mlowezi ilikuwa sheria ya busara. Walilalamikia kodi kupanda, na wapima walikuwa wachache mno kiasi kwamba maombi yalilala ofisini miaka na miaka.

Jiwe la Mpaka

Kwa hiyo mpima aliposimika mawe ya mpaka alikuta Wakhoikhoi wanachunga hapohapo?

Mchimba Nyaraka

Aliwakuta, ndiyo. Na ramani haikuwa na mahali pa kuwaandika. Wakati wa duara la farasi mfugaji Mkhoikhoi aliweza bado kujibanza kwenye vile vipande vya katikati, akanywesha mifugo yake michache. Ramani ilipochorwa vipande vilihesabiwa, vikaombwa, vikapewa wenyewe. Zaidi ya hayo, kulikuwa na shaka kama kisheria Mkhoikhoi anaweza hata kumiliki ardhi. Shaka hiyo haikuondolewa rasmi hadi 1828.

Na kuna ardhi nyingine iliyogawiwa ambayo haikuwa na shaka ni ya nani. Kati ya mito Sundays na Fish kuna eneo la Zuurveld. Waxhosa wa mkuu Ndlambe na wengine walikaa huko, wakilima na kufuga. Mwanzoni mwa 1812 Cradock alimtuma Kanali John Graham na jeshi. Watu kama 20,000 walisukumwa ng'ambo ya Mto Fish, mashamba yao yakachomwa yakiwa na mazao. Cradock akaiandikia London kwamba damu iliyomwagika haikuzidi ile iliyohitajika kuwatia hofu na heshima. Pale penye kambi ukajengwa mji ukaitwa Grahamstown. Leo unaitwa Makhanda, jina la kiongozi aliyewaongoza Waxhosa kuushambulia Aprili 1819, akashindwa, akapelekwa kifungoni kisiwa cha Robben, na akazama 1820 akijaribu kutoroka.

Sasa pangeni tarehe zenu. Jeshi linaondoa watu 1812. Tangazo la hati za kudumu linatoka 1813. Mwaka 1820 wanashushwa walowezi Waingereza kama 4,000, wanapewa viwanja palepale Zuurveld.

Kipwani

Na upande wa biashara? Kichwa cha uzi kimeahidi biashara.

Mchimba Nyaraka

Biashara nitaigawa mbili. Ya baharini nitaipitia haraka: 1813 Uingereza ilipunguza ushuru wa mvinyo wa Cape, mizabibu ikapandwa kila mahali, watumwa wakafanyishwa kazi zaidi, kisha 1825 nafuu hiyo ikapunguzwa na wengi wakafilisika. Mwaka huohuo sarafu ya riksdala ilibadilishwa kwa shilingi moja na peni sita, ilhali zamani ilihesabiwa shilingi nne. Wenye akiba walilia.

Ya mpakani ndiyo inayoonyesha akili ya sheria zile. Waxhosa na walowezi walikuwa wakibadilishana ng'ombe, pembe na shanga siku nyingi, na serikali ikapiga marufuku kuvuka mpaka. Marufuku haikuzuia kitu, ilifanya biashara iwe ya magendo. Mwaka 1817 Gavana Somerset alikutana na Ngqika kwenye Mto Kat, wakakubaliana utaratibu wa nyayo: ng'ombe wa koloni wakipotea, nyayo zikafuatwa, na kijiji ambacho nyayo zinaishia ndicho kitakacholipa. Ngqika alieleza kwamba yeye si mkubwa wa Waxhosa wote, kwamba Ndlambe na wengine wana enzi zao. Somerset alitaka mtu mmoja wa kuwajibika, akamshikilia yeye. Fikiria mahakama ambayo shahidi wake ni kwato kwenye udongo, hakimu ni kamanda wa doria mwenye bunduki, na mshtakiwa ni kijiji kizima, pamoja na watu ambao siku hiyo hawakuwapo.

Mwaka 1824 serikali ikafungua gulio kwenye ngome ya Willshire, ukingoni mwa Mto Keiskamma. Waxhosa walileta pembe za ndovu, ngozi na gundi ya miti. Wafanyabiashara wenye leseni walileta shanga, vifungo na nyaya za shaba. Bunduki na pombe marufuku. Wakubwa wa Waxhosa walidai sehemu yao kwa watu wao. Gulio lilichangamka kupita matarajio, na 1830 wenye leseni wakaruhusiwa kuingia ndani kabisa ya nchi ya Waxhosa. Mlowezi alipata leseni ya kwenda ng'ambo kuuza. Mxhosa alipewa njia ya kuja upande huu miaka miwili nyuma, kwa Ordinansi ya 49 ya Julai 1828: aje na pasi, na aje kufanya kazi.

Mzani wa Haki

Na siku tatu baadaye, 17 Julai 1828, ikatoka Ordinansi ya 50. Hapo mkuu lazima ukiri. Pasi za 1809 zilifutwa. Kulazimishwa kazi kulifutwa. Mkataba wa mdomo mwisho mwezi, wa maandishi mwisho mwaka. Mtoto haandikishwi bila ridhaa ya mzazi. Haki ya kumiliki ardhi ikaandikwa wazi. Na London ikaongeza kwamba serikali ya koloni isiibadilishe bila idhini ya mfalme. Pamoja na Mkataba wa Haki wa 1827 ulioleta Mahakama Kuu yenye majaji wa kujitegemea chini ya Sir John Wylde, na kuondoa wale malandrosti unaowalaumu. Hayo ni mapinduzi.

Mchimba Nyaraka

Umeyataja kwa usahihi na sipingi hata moja. Watu walipigania hayo. Mmisionari John Philip alichapisha kitabu London mwaka huohuo, mbunge Buxton akalisimamia bungeni, ofisa wa koloni Andries Stockenström akalisukuma ndani ya serikali ya kaimu gavana Bourke, na Wakhoikhoi wenyewe walitoa ushuhuda miaka yote hiyo kwa kuhatarisha migongo yao. Siwezi kudharau sheria iliyomrudishia mama mwanae.

Lakini majaji wapya waliendesha kesi kwa Kiingereza tu, na wazee wa baraza la mahakama walitakiwa wakijue. Mkhoikhoi alizungumza Kiholanzi. Na haki ya kununua ardhi ilikuja miaka 15 baada ya ardhi kugawiwa. Mtu anayelipwa kwa nguo na kondoo wachache angenunua nini, kwa nani?

Nyika ya Mua

Nawasoma kutoka huku Kenya, na naona mambo ya nyumbani. Babu yetu alivaa kipande shingoni kwenye kikopo cha chuma, jina la mwajiri limeandikwa, na asiposainiwa hawezi kuondoka. Sheria ya mabwana na watumishi ya 1906 hapa kwetu iliigwa kutoka Transvaal, na sheria za ardhi za 1902 na 1915 zikawapa walowezi hati za miaka mingi huku sisi tukiitwa wapangaji wa serikali. Nilidhani ni ubunifu wa Nairobi.

Mchimba Nyaraka

Ndugu yangu, kipande cha 1915, kilichoanza kutumika baada ya vita, kina ukoo mrefu, na Cape ya 1809 imo humo. Ahsante kwa kuleta hilo. Ningependa ufungue uzi wake, usiishie hapa.

Binti Pangani

Swali la mwisho mkuu. Baada ya 1828 kuna Mkhoikhoi aliyepata ardhi kweli, au iliishia kwenye karatasi?

Mchimba Nyaraka

Walipata, na hii ndiyo sehemu ngumu kuliko zote.

Mwaka 1829 Stockenström alianzisha makazi ya Mto Kat. Familia za Wakhoikhoi zikapewa vishamba vya ekari chache kila moja, na malisho ya pamoja. Walichimba mifereji ya maji kwa mikono, wakalima ngano na mahindi, wakajenga shule. Miaka michache tu bonde likawa mfano. Mwaka 1834 walowezi walipopeleka rasimu ya sheria mpya ya uzururaji ya kurudisha yale ya 1809, watu wa Mto Kat walifanya mikutano Philipton, wakasimama mmoja mmoja kusimulia waliyoyapitia chini ya pasi. Rasimu ile haikuwa sheria. Mmoja wao, Andries Stoffels, alikwenda London akatoa ushahidi mbele ya kamati ya bunge 1836.

Lakini bonde lile lilikuwa la nani? La Maqoma, mtoto wa Ngqika. Alifukuzwa yeye na watu wake mwaka huohuo wa 1829. Serikali iliwaweka Wakhoikhoi pale makusudi, wawe ukuta kati ya walowezi na Waxhosa. Katika koloni lote, lenye mashamba ya ekari elfu sita sita, ardhi iliyopatikana kwa ajili ya Wakhoikhoi ilikuwa ile iliyonyang'anywa Mwafrika mwingine. Maqoma hakusahau, na vita vya 1834 vilipolipuka alikuwa mstari wa mbele.

Sheria ya mabwana na watumishi ya 1841 ikachukua nafasi ya Ordinansi ya 50, ikifuta majina ya rangi na kubakiza adhabu ya jinai kwa mfanyakazi anayevunja mkataba. Mwaka 1851 sehemu ya watu wa Mto Kat, wamechoshwa na vita walivyopiganishwa na mahakimu waliowabughudhi, wakaasi na kuungana na Waxhosa. Waliposhindwa, mashamba ya waasi yakataifishwa, na walowezi wakaingia bondeni kuyachukua, na mifereji ya maji ikiwa imeshachimbwa.